“Masomo nimemaliza, mama”, lakini jina halipo kwenye mahafali

Vitenge vilikuwa 14, vya bluu vyenye maua ya njano. Mama alivinunua kwa jumla Iringa mjini, akavigawa kwa dada zake, mawifi zake na wake wa kaka zake, kila mmoja akashonee kwa fundi wake. Ilikuwa Agosti. Mahafali ya binti yake yalitarajiwa kabla ya mwaka kuisha, na basi dogo la kuwapeleka Dar es Salaam lilikuwa limeshalipiwa nusu.

Wiki tatu kabla ya safari, binti alipiga simu. Alianza na shikamoo, akauliza hali ya mvua, akauliza kuku wa mayai. Mtoto wa mjini akianza kuulizia kuku, mzazi ajiandae. Kisha akasema mwaka huu jina lake halitakuwamo.

“Lakini masomo nimemaliza, mama. Bado disatesheni tu.”

Mama alilishika lile neno “tu”. Alidhani disatesheni ni fomu. Mwaka aliostaafu alizungushwa miezi saba kufuatilia mafao yake kwa sababu karatasi moja ilikosa muhuri, kwa hiyo jambo la karatasi kumchelewesha mtu halikumshangaza. Akawatangazia ndugu kwamba kuna karatasi haijasainiwa. Pesa ya basi haikurudi. Vitenge vikatundikwa makabatini.

Mwaka uliofuata, jibu lilikuwa lile lile. Bado disatesheni tu.

Mama huyu ni muuguzi mstaafu. Alifanya kazi miaka 31, mingi ikiwa wodi ya wazazi. Kiinua mgongo chake kilinunua bati jipya, kikalipa deni la kikundi, na Sh4.2 milioni zikaenda kwenye ada ya binti huyu wa pili, aliyekuwa na shahada ya kwanza ya sosholojia na kazi katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Kusoma shahada ya uzamili ya uhusiano wa kimataifa lilikuwa wazo la binti mwenyewe. Alikuwa anajaza fomu za mizigo ya Zambia na Kongo kila siku, akataka kuelewa kwa nini fomu ya nchi moja ni tofauti na ya nyingine.

Mtaani hawakusikia habari ya fomu. Walisikia “kimataifa”. Wiki hiyo hiyo mama akapewa jina jipya: Mama Balozi. Mzee mmoja jirani, asiyesikia vizuri, aliuliza kama binti atakuwa balozi wa nyumba kumi wa Dar es Salaam au atarudi kuwa wa hapa hapa. Watu walicheka, lakini jina lilibaki, na kila lilipoitwa sokoni mama alisimama wima kidogo.

Ukweli ni kwamba balozi wa nchi huteuliwa na Rais, na wengi wanaosoma shahada hii hawataziona nyumba za kibalozi ila kwa nje. Huajiriwa wizarani, kwenye mashirika, kwenye forodha, benki, vyombo vya habari, na wachache Arusha, yaliko makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Si kazi ndogo hizo. Ila huwezi kumweleza hivyo mtu aliyekwisha kukuita Mama Balozi.

Baada ya mahafali ya pili kupita bila jina, wanawake wa kikundi walimpa mama maelezo yao. Mmoja alisema walimu wa vyuo vikuu ndivyo walivyo, anaikalia kazi ya mtoto hadi apewe kitu. Mwingine alisema huenda binti aliacha chuo zamani na ada ililiwa. Hilo la pili mama hakulijibu, lakini hakulala.

Ndipo alipopanda basi la alfajiri. Kutoka Iringa hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 500, na njia nzima, kuanzia mteremko wa Kitonga, kupita mibuyu ya Ruaha hadi Mikumi ambako abiria wote walihamia dirishani kutazama twiga, alikuwa anapanga maneno ya kumwambia yule mwalimu. Alikuwa na gunia la viazi, karanga za kukaanga, na sentensi moja aliyoirudia mpaka ikanyooka: “Mwalimu, mimi nimezalisha wake za mawaziri, sikuwahi kumkalia mtu.”

Binti alimpokea Mbezi, stendi ya Magufuli, wakaenda Kimara kwenye chumba chake cha kupanga. Usiku ule hawakuzungumza chochote cha maana. Asubuhi binti akawahi mwendokasi kwenda kazini, mama akabaki na sufuria, redio na rafu moja ya vitabu.

Kwenye rafu hiyo, chini ya madaftari, palikuwa na kijitabu cha chuo cha mwongozo wa wanafunzi wa uzamili. Kilikuwa cha Kiingereza, lakini mtu aliyesoma miongozo ya dawa miaka 31 hatishwi na Kiingereza cha ofisini. Alivaa miwani, akakaa kitandani, akakisoma kama anavyosoma faili la mgonjwa aliyeletwa na zamu nyingine.

Kitu cha kwanza alichokutana nacho kilikuwa hesabu. Mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania unataka shahada ya uzamili iwe na krediti zisizopungua 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi, ukijumlisha darasani, maktaba na kujisomea. Alichukua kalamu. Saa 1,800. Mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki, hizo ni wiki 45 bila kuumwa wala kufiwa. Na binti yake ana kazi nyingine ya saa 40 pale bandarini, ukiacha foleni.

Kisha yakaja masomo ya darasani, ya mihula miwili. Nadharia za uhusiano wa kimataifa. Sheria ya kimataifa. Uchumi wa siasa wa kimataifa. Uchambuzi wa sera ya nje. Mbinu za utafiti, somo ambalo hakuna anayeruhusiwa kuliruka. Halafu ya kuchagua: ushirikiano wa kikanda, usalama na usuluhishi wa migogoro, diplomasia na majadiliano. Vyuo hutofautiana majina ya masomo, hata jina la shahada yenyewe, wengine wakiita masomo ya kimataifa, lakini kiini chake kinafanana. Na alama ziko juu: katika vyuo vingi nchini, C iliyompitisha mtu kwenye shahada ya kwanza haimpitishi kwenye uzamili.

Ndani ya kijitabu palikuwa na karatasi za matokeo zimekunjwa. Mama alizikunjua moja moja. Masomo yote, mihula yote miwili, binti alifaulu. Sheria ya kimataifa alipata A.

Alikaa kimya na zile karatasi kwa muda. Kumbe mtoto hakudanganya. Masomo alimaliza kweli.

Alipofungua kurasa zinazofuata ndipo alipoelewa disatesheni ni nini. Ilikuwa tasnifu, kitabu kizima ambacho mwanafunzi anakiandika mwenyewe kutokana na utafiti wake, na njia ya kufika huko ilikuwa ndefu kuliko ile ya darasani. Kwanza unaandika pendekezo la utafiti. Unapangiwa msimamizi. Unalitetea pendekezo mbele ya walimu wa idara, nao wanalirudisha, unalirekebisha. Unapewa barua ya chuo, unaipeleka mkoani, mkoa unaandika kwa wilaya, ndipo unaanza kuwauliza watu maswali. Unarudi kuandika sura baada ya sura, kila moja ikipitia kwa msimamizi. Kazi ikikamilika inapitishwa kwenye programu ya kompyuta inayokamata maneno ya kunakili. Inakwenda kwa watahini, akiwamo wa kutoka nje ya chuo. Inarudi na masahihisho. Unasahihisha, unathibitishiwa, unawasilisha nakala za mwisho. Jina linaingia kwenye orodha ya mahafali baada ya hapo.

Mama alikumbuka patografu, ile chati ya uchungu inayojazwa wodini. Ina mstari wa tahadhari na, saa nne mbele yake, mstari wa kuchukua hatua. Kazi ya mkunga si kumuuliza mjamzito “umeshajifungua?” kila anapopita. Anapima njia imefunguka kiasi gani, anaandika, anaangalia mstari. Kwa miaka miwili yeye alikuwa anauliza umeshajifungua.

Mzazi unayesoma hapa, huenda nawe una mtoto aliye kwenye hatua hii, na huenda amekwambia maneno yale yale. Si lazima awe anakudanganya. Mara nyingi ni ukweli uliokatwa nusu, na nusu ya pili hukuiomba kwa sababu hukujua kama ipo. Ada tunaijua hadi shilingi ya mwisho. Lakini waulize wazazi kumi wanaolipia uzamili ni nani msimamizi wa mtoto wao na tasnifu inahusu nini, uone wangapi watajibu.

Jioni binti alirudi akakuta viazi vimeiva na kijitabu kiko mezani. Alikiona kabla hajavua viatu.

“Keti, mwanangu,” mama alisema. “Sikuulizi unamaliza lini. Nieleze umebakiza nini.”

Binti alikaa. Alianza kwa sauti ya simu, ile ya kila kitu kipo sawa, ikamfia katikati.

Pendekezo lake la kwanza lilihusu diplomasia ya uchumi ya Tanzania katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC. Msimamizi wake, mwanamke mwenye shahada ya uzamivu, alilisoma akamwambia hiyo si tasnifu, hiyo ni wizara nzima. Alilirudia mara tatu. Mwisho likabaki jambo moja: wanawake wanaovusha mchele na bidhaa ndogo ndogo kati ya Tunduma na Nakonde, na sheria za biashara zinazowahusu pande zote mbili.

Hapo binti alichangamka kidogo, maana ni kitu anachokijua. Alieleza kwamba Tanzania na Zambia zote ziko SADC, ambayo itifaki yake ya biashara ilisainiwa mwaka 1996 na eneo lake huru la biashara likazinduliwa mwaka 2008. Lakini Zambia iko pia COMESA, ambako Tanzania ilijitoa mwaka 2000, na Tanzania nayo iko Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Zambia haimo. Mwaka 2019 marais wa nchi hizo mbili walizindua kituo cha pamoja cha forodha pale mpakani ili mzigo ukaguliwe mara moja. Swali lake lilikuwa: mama mwenye gunia mbili za mchele anazijua hizo sheria? Na kama hazijui, anapita wapi?

“Ni kama vikundi vyetu,” mama alisema. “Mtu yuko kwenye vikoba viwili. Sheria zikigongana, anayekatwa ni yeye.”

Binti akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu stendi.

Tunduma alishakwenda. Alitumia likizo yake yote ya mwaka kule, akahoji wanawake 22, madaftari yake yapo. Sura ya kwanza ilipita. Kilichomkwamisha ni sura ya pili, ile ya kupitia waliyoandika wengine kabla yako. Aliandika kurasa 41, akaituma, ikarudi baada ya siku kumi na mbili ikiwa nyekundu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Maelezo ya pembeni yalikuwa 63. Aliyahesabu.

Alifunga laptopu, akasema atashughulikia Jumamosi. Jumamosi kulikuwa na kitchen party ya mfanyakazi mwenzake. Wiki ikawa mwezi. Msimamizi akaandika kuuliza, binti akaona aibu kujibu bila kazi mkononi, akaamua atajibu akimaliza masahihisho. Msimamizi akaandika tena. Binti hakuifungua. Wenzake wanne wa kundi la kusomea, wawili walishahitimu, na picha zao zilipopita kwenye simu alikuwa anazipandisha haraka kwa kidole.

“Hiyo barua ya mwisho ni ya lini?”

“Miezi kumi na moja, mama.”

“Na hujaifungua.”

“Sijaifungua.”

Mama alikuwa amesafiri kilomita 500 na sentensi ya kumpiga nayo mwalimu. Sasa haikuwa na pa kwenda. Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Haki itendeke hapa: wapo wasimamizi wanaokaa na sura ya mwanafunzi hadi anasahau aliandika nini. Mwenye kadhia hiyo asinung'unike mtaani. Aandike, tena kwa tarehe, kwa mratibu wa uzamili wa idara, kisha mkuu wa idara, kisha ofisi ya masomo ya uzamili ya chuo, na maombi ya kubadilishiwa msimamizi hupokelewa. Wapo pia wanaosoma na kurudisha ndani ya wiki mbili, kama huyu. Mwanafunzi anayerudishiwa kazi yenye wekundu mwingi hudhani ameambiwa hafai, na nyumbani wanakomwita Balozi hawezi kwenda kusema hivyo.

Binti alisema hilo mwenyewe, bila kuulizwa, akiwa amegeukia ukuta.

“Mimi ningekwambiaje, mama? Ile siku ya vitenge ulinitumia picha. Shangazi wote wameshika.”

Mama hakujibu haraka. Alikuwa ameituma ile picha kwa furaha. Haikumpitia akilini kwamba upande wa pili ilipokelewa kama notisi ya kudaiwa.

“Vya kwao walishavivaa,” alisema mwishowe. “Mama yako mdogo alikizikia nacho mtu wa Kilolo. Wifi yangu amekifanya pazia.”

Binti akageuka. Akacheka mpaka akalia, au labda ilikuwa kinyume chake. Kisha mama akamwambia alete hiyo laptopu, wafungue barua wakiwa wawili. Sura ya pili ingesubiri.

Ilichukua muda kuwaka. Barua yenyewe ilikuwa na mstari mmoja na nusu.

“Hujambo? Sijakusikia muda mrefu. Uko salama? Nijulishe tu.”

Hapakuwa na neno juu ya sura ya pili.

Ile iliyoitangulia, ambayo binti alikuwa ameisoma juu juu tu, ilisema kwamba sura si mbaya, ila imeeleza walichosema watu wengi na haijaonyesha yeye anasimama wapi, na kwamba akipunguza nusu yake watasonga mbele. Kati ya yale maelezo 63, zaidi ya 40 yalikuwa ya herufi, nukta na namna ya kuandika majina ya waandishi. Mama aliyahesabu upya, maana hakuamini hesabu ya mtu aliyekuwa na hofu.

Majibu waliyaandika usiku ule. Binti alitaka kueleza msiba wa jirani, kazi kuzidi, laptopu kuharibika. Mama alimwambia wodini mgonjwa aliyechelewa kuja hulazwa, haombwi hotuba. Ikabaki sentensi tatu: kwamba yuko salama, kwamba alikwama na akaona aibu, na kwamba anaomba kuonana.

Jibu lilikuja kesho yake mchana. Jumatano, saa 4 asubuhi.

Mama hakwenda naye. Alitaka, na sketi ilikuwa imeshapigwa pasi, lakini alibaki Kimara akichambua maharage ambayo hayakuwa na mawe. Binti alirudi saa 9 na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ratiba aliyoandika msimamizi kwa mkono: sura ya pili wiki sita, ya tatu wiki tatu, kisha madaftari ya Tunduma. Ya pili ilikuwa fomu ya kuomba kuongezewa muda, maana muda wake wa usajili ulikuwa umebakiza miezi minne kufika ukomo. Kila chuo kina ukomo wake, na nyongeza ina ada yake. Angechelewa hadi mwaka mwingine, pengine angeambiwa aombe upya.

“Mstari wa tahadhari ulishauvuka zamani,” mama alisema, akiitazama tarehe. “Ulikuwa unakwenda kwenye ule mwingine.”

Ada ya nyongeza binti alilipa mwenyewe. Mama hakuwa nayo, na hakujifanya anayo.

Aliporudi Iringa, kikundi kilimuuliza kama alimkuta yule mwalimu. Alisema mwalimu hana neno. Waliposubiri zaidi, akaeleza kwamba mtoto amebakiza sura tatu na kwamba sura moja ni kazi ya wiki nyingi, hata wenyewe wataona. Aliyesema ada ililiwa aliomba aelezwe hiyo disatesheni polepole. Ana mtoto Mbeya anayesema naye amemaliza masomo.

Siku hizi simu hupigwa Jumapili, baada ya ibada. Hakuna mtu anayeuliza kuku. Mama huuliza sura ya ngapi, ukurasa wa ngapi, na kama hakuna jipya husema haya, tusalimie majirani, anakata. Wiki nyingine huwa hakuna jipya kweli. Mwezi uliopita binti aliumwa malaria, wiki mbili zikapotea, na ile ratiba ya mkono imeshafutwa mara mbili.

Jumapili iliyopita haikuja simu, ilikuja picha. Ukurasa wa sura ya tatu, umerudi kwa msimamizi, una wekundu juu, pembeni na chini. Mama aliukuza kwa vidole viwili, akavaa miwani, akaanza kusoma maelezo moja moja. Alipofika la mwisho akamwandikia binti: “Haya ni 17 tu. Leta ukurasa wa pili.”